"Wangu anakula kila siku na hajafa"

Nikimwambia mtu asimpe mbwa wake zabibu, mara nyingi jibu ninalopewa ni hilo. Huwa linatolewa kwa tabasamu, kama vile mtu anakuondolea hofu ya bure. Ugumu wake ni kwamba mara nyingi ni la kweli. Wapo mbwa wanaookota zabibu chini ya meza mwaka hadi mwaka, wakanenepa, wakazeeka, wakafa kwa uzee wao. Ningekuwa nabishana na uongo kazi ingekuwa nyepesi. Nabishana na mtu aliyeona kwa macho yake, na mimi nimeona pande zote mbili: mbwa wangu alikula karibu pakiti nzima ya zabibu kavu akatoka salama, na mbwa wa rafiki yangu aliokota zabibu zilizodondoka kutoka kwenye mzabibu, kama alivyokuwa amefanya msimu uliotangulia, akafa kwa figo.

Wangu anaitwa Chui. Jina alipewa na watoto kwa sababu ya madoa yake. Ukali hana hata chembe. Ana kilo 12. Wifi yangu alikuja kututembelea, akaweka mkoba wake sakafuni kando ya kochi, kama wageni wengi wanavyofanya. Ndani mlikuwa na pakiti ya zabibu kavu ya gramu 200, ya kumtuliza mtoto safarini. Tulipotoka kula na kurudi sebuleni tulikuta zipu ya mkoba imelowa mate, pakiti imechanwa upande mmoja, na kama robo ya zabibu imegandana kwenye pembe ya nailoni ambako ulimi haukufika. Chui alikuwa amekaa katikati ya zulia anajilamba pua.

Wifi alicheka. "Mwizi wako huyu amemmalizia mtoto vitafunwa vyake!"

Mimi nilikuwa nimeshaonywa habari za zabibu na daktari wa mifugo tulipompeleka Chui kuchanjwa, kwa hiyo nilichukua simu. Alipokea, na bila salamu ndefu akauliza mambo matatu. Mbwa ana uzito gani? Amekula kiasi gani? Lini? Nikamjibu: kilo 12, pakiti ya gramu 200 na imebaki kama robo, na hata saa mbili hazijapita tangu ale.

"Mlete sasa hivi. Usimpe kitu chochote."

Nikamwambia mbona mbwa mwenyewe yuko mzima, anacheza na mpira.

"Ndiyo maana nataka aje sasa, dada. Akishaanza kuumwa, ile sehemu rahisi ya kazi itakuwa imeshanipita."

Sentensi hiyo nimeirudia kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sumu nyingi tunazozijua humwonyesha mnyama ubaya wake haraka: anatetemeka, anatoa povu, anaanguka. Zabibu hazina haraka hiyo. Mbwa anaweza kuzila mchana, akala chakula chake cha jioni kama kawaida, akatapika usiku au asubuhi yake, kisha akatulia. Kinachoendelea ndani ya figo hukioni, na mnyama mwenyewe hajui kukisema.

Nilipokuwa natafuta ufunguo wa gari, wifi alikuwa ameshaingia jikoni anakoroga maji ya chumvi. "Tumtapishe kwanza hapa hapa, wifi. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya nyumbani." Nia yake ilikuwa njema kabisa, na ushauri huo bado unazunguka sana. Lakini chumvi nyingi ni sumu ya pili. Sodiamu ikipanda ghafla kwenye damu, mbwa anaweza kupata degedege, na wapo waliokufa kwa chumvi huku sumu ya kwanza ikiwa bado tumboni. Kumtia kidole kooni nako hakumtapishi mbwa, kutakuachia jeraha la meno tu. Maziwa na mafuta ya kupikia havizuii kitu. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 hutumika pengine, lakini kwa maelekezo ya daktari aliye kwenye simu na kwa kipimo anachokitaja yeye, kwa sababu huchubua utando wa tumbo, na mbwa akivuta matapishi kwenye mapafu umeshajiongezea ugonjwa mwingine. Bakuli la chumvi likabaki kwenye sinki, tukaondoka.

Hesabu ya daktari niliielewa baadaye. Katika visa vilivyoandikwa na madaktari wa mifugo, kiasi kidogo kabisa kilichowahi kuhusishwa na figo kufeli ni takriban gramu 3 za zabibu kavu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, na takriban gramu 20 kwa zabibu zenye maji yake. Kwa mbwa wa kilo 12, gramu 3 kwa kilo ni gramu 36, kiganja kimoja cha mtu mzima. Chui alikuwa amekula kama gramu 150. Zabibu kavu zina nguvu zaidi kwa sababu ya ukavu wenyewe: inachukua takriban kilo nne za zabibu kupata kilo moja ya zile zilizokaushwa, na maji yanapoondoka, kilichokuwa ndani kinabaki. Mbwa ambaye asingeweza kumaliza kilo nzima ya zabibu atamaliza pakiti ya zabibu kavu na bado akuangalie kama anadai nyingine.

Ila msiichukue hesabu hiyo kama mpaka wa usalama. Hicho ni kiasi kidogo kilichowahi kuonekana kikileta madhara; hakuna aliyethibitisha kwamba chini yake hapana hatari. Nimeona watu wakigawanya gramu kwa kilo kwenye simu, wakapata namba iliyo chini kidogo, wakarudi kulala. Daktari aliniambia anaitumia kujua jinsi ya kumtibu mbwa, si kuamua kama ampokee.

Kliniki walimchoma Chui sindano ya apomofini. Ni dawa inayochokoza sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika, na kwa mbwa inafanya kazi vizuri sana. Dakika chache tu, akaanza kudondosha mate, akalamba midomo, akainamisha kichwa, kisha tumbo likaanza kujikunja. Kilichotoka sikukitegemea. Nilidhani nitaona uji wa kahawia. Badala yake zilitoka zabibu nzima nzima, zimefyonza maji na kuvimba, ngozi imenyooka, nyingine zimekaribia kurudi ukubwa wa zabibu zenyewe. Msaidizi wa daktari alizitenganisha kwa kijiti kwenye beseni akizipanga pembeni, na wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe hatafuni."

Hatafuni. Mbwa humeza, na zabibu kavu hukaa tumboni muda mrefu kuliko vyakula vingi. Hiyo ndiyo sababu madaktari hujaribu kumtapisha mbwa hata kama saa kadhaa zimepita, ilimradi yuko macho na ana nguvu. Mtu asiseme "saa tano zimeshapita, basi tena".

Lakini zilizotoka hazikufika gramu 150, hilo lilionekana kwa macho. Kwa hiyo Chui alibaki. Akawekewa kanula kwenye mguu wa mbele na dripu ikaanza. Damu yake ya siku ile ilikuwa safi kabisa, kreatinini na urea vyote mahali pake, nami nikashusha pumzi. Daktari akaniomba nisifurahi mapema. Kipimo cha kwanza, alisema, ni cha kujua tulikoanzia tu. Kreatinini ni taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, na figo zina akiba kubwa: hadi namba ionekane wazi kuwa imepanda, kwa kawaida karibu robo tatu ya uwezo wa kuchuja imeshapotea. Ukiisubiri ikwambie kuna tatizo, umeisubiri tatizo likiwa limekomaa. Ndiyo maana wanampa maji mbwa ambaye damu yake haina kasoro, na wanarudia vipimo mpaka saa 72 tangu alipokula zipite.

Kazi ya dripu ni kupitisha maji mengi kwenye figo wakati ule ambao sumu inapita humo, ili damu iendelee kufika kwenye vijimirija vya kuchujia na mkojo uendelee kutoka. Na mkojo ndio waliouangalia kuliko kitu kingine chochote. Walikuwa wanapima pedi alizolalia, uzito wake kabla na baada, wanaandika kwenye karatasi iliyoning'inizwa mlangoni mwa kizimba. Mbwa mwenye afya hutoa mililita 1 hadi 2 za mkojo kwa kila kilo kwa saa. Akiwa kwenye dripu anatakiwa atoe kwa wingi zaidi. Maji yakiwa yanaingia na hayatoki, hapo ndipo penye hatari, kwa sababu maji hayohayo yataanza kujaa mwilini na kwenye mapafu. Nilipopiga simu usiku, yule msaidizi hakuniambia "anaendelea vizuri". Aliniambia, "Anakojoa." Sikuwahi kufurahia habari ya mkojo kiasi kile.

Chui alitoka akiwa mzima. Vipimo vya mwisho havikuonyesha kitu, na sitawahi kujua kama ni matibabu yaliyomwokoa au angeishi hata tungemwacha kwenye zulia na mpira wake. Hiyo ndiyo kero ya jambo hili. Mbwa aliyetibiwa mapema akapona anafanana kabisa na mbwa ambaye hakuhitaji kutibiwa. Bili unailipa, na ushahidi kwamba ulifanya sawa haupo.

Mbwa wa pili alikuwa wa rafiki yangu, jike mzee kidogo, mpole, wa kilo 20 na kitu. Nyumbani kwake kuna mzabibu uliopanda juu ya uzio, na wakati wa kuiva zabibu hudondoka chini. Msimu mmoja yule mbwa alikuwa akizila kila asubuhi, na hakuna kilichotokea. Msimu uliofuata alizila tena. Usiku akatapika mara mbili, na kwenye matapishi kulikuwa na maganda ya zabibu. Rafiki yangu aliona hilo ndilo jibu lote: amekula matunda mengi, tumbo limekataa, yametoka, yamekwisha. Kesho yake mbwa hakula, alilala tu, lakini hakutapika tena. Nyumba nzima iliona ni nafuu.

Ile nafuu ndiyo inayowapoteza watu. Kutapika kwa mwanzo huja ndani ya saa 24 tangu kula, mara nyingi mapema zaidi. Halafu hufuata kipindi ambacho mbwa anaonekana amechoka tu, pengine anakunywa maji mengi, tumbo likiguswa anajikunja, hana hamu. Figo hufeli katikati ya utulivu huo, kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Alipopelekwa, alikuwa anayumba akitembea, pumzi yake ina harufu kali kama ya mkojo, na kwenye ulimi kulikuwa na vidonda. Kreatinini ilikuwa juu mno, urea juu, fosforasi juu, kalisi juu. Walimwekea mpira wa mkojo na mfuko ukabaki karibu mtupu.

Figo ikiacha kabisa kutoa mkojo, kinachobaki ni kusafisha damu kwa mashine hadi figo zenyewe zipate nafasi ya kujijenga. Na zinaweza kujijenga: chembe za ukuta wa vile vijimirija huota upya kama utando zinaosimama juu yake haujaharibika, ila huchukua wiki, si siku. Mashine za dayalisisi za wanyama zipo katika hospitali chache sana, na si kila mtu ana moja karibu wala uwezo wa kuilipia. Rafiki yangu hakuwa na njia hiyo. Walikubaliana na daktari mbwa achomwe sindano ya kumpumzisha.

Nilikwenda kumpa pole. Alichokuwa akikirudia ni kimoja: "Lakini mwaka jana alikula. Alikula zaidi ya hizi." Sikuwa na la kumjibu siku ile. Jibu lake ninalo sasa, na nadhani watu wengi wangeacha ule ubishi wa "wangu hajafa" kama wangelijua.

Madaktari wa mifugo walianza kuiona hatari hii si zamani sana. Kituo cha ASPCA, shirika la Marekani la kupinga ukatili kwa wanyama, kinachopokea simu za wanyama waliokula sumu kilikuwa kinaingiza visa vyake kwenye kompyuta, na rekodi zilipokusanyika ikaonekana mbwa kadhaa waliofeli figo walikuwa na jambo moja la kufanana: walikula zabibu au zabibu kavu. Taarifa ya mwanzo ilichapishwa mwaka 2001 kwenye jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani. Mwaka 2005 ukatoka uchambuzi wa mbwa 43 waliougua hivyo kati ya 1992 na 2002. Kati yao 23 walipona, yaani zaidi kidogo ya nusu. Namba hiyo hunukuliwa vibaya sana, eti nusu ya mbwa wanaokula zabibu hufa. Hao 43 wote walikuwa tayari figo zimefeli. Ndivyo walivyoingia kwenye hesabu. Wanaotapishwa na kuwekewa maji mapema, walio wengi hawafiki huko. Napenda namba hii isemwe ilivyo, kwa sababu ukimtisha mtu kwa namba ya uongo, siku mbwa wa jirani akila zabibu na kubaki mzima atakuona mzushi katika yote.

Kwa miaka mingi baada ya hapo walijua zabibu zinaua figo bila kujua ni nini ndani ya zabibu. Walishuku dawa za kunyunyizia shambani, wakashuku sumu ya ukungu, wakashuku tanini, madini mazito. Hakuna kilichokaa sawa. Mbwa waliugua kwa zabibu zilizonunuliwa na kwa zilizooteshwa nyumbani bila dawa yoyote, kwa zenye mbegu na zisizo na mbegu, nyeusi na za kijani.

Mwanga ulitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitafuta. Kituo kile kile kilipokea habari za mbwa aliyekula donge la unga wa kuchezea watoto lililotengenezwa nyumbani. Akatapika, figo zikafeli, mwenendo wote ukawa ule ule wa zabibu, na zabibu hakuzigusa. Donge lile lilikuwa na krimu ya tartari, ule unga mweupe wa waokaji, ambao asili yake ni chumvi inayoganda kwenye mapipa ya mvinyo. Ndani yake kuna asidi ya tartariki, na zabibu ni miongoni mwa matunda machache yenye asidi hiyo kwa wingi. Tunda jingine ni ukwaju. Walipofuatilia, wakakuta pia mbwa waliougua vivyo hivyo baada ya kula ukwaju. Mwaka 2021 wakaandika kwenye jarida lile lile kwamba mhusika huenda ni asidi hiyo, na mwaka uliofuata wakachapisha visa vyenyewe. Baada ya hapo chembe za figo za mbwa zilizokuzwa maabara ziliwekewa asidi ya tartariki zikaharibika. Zilipopewa protini ya kibinadamu inayobeba asidi za namna hiyo na kuzitoa nje ya chembe, zikavumilia vizuri zaidi. Kwa hiyo inaonekana figo ya mbwa inaipokea asidi hii na kukosa mlango wa kuitolea, ikirundikana ndani mpaka chembe inakufa. Sisi tunao huo mlango, ndiyo maana tunakula zabibu bila wasiwasi.

Sasa rudi kwa yule mbwa wa uzioni. Kiasi cha asidi hiyo katika zabibu hubadilika: aina ya mzabibu, hali ya hewa ya msimu, kiwango cha kuiva. Zabibu zinazodondoka zikiwa bado chachu huwa na asidi nyingi kuliko zilizolainika kwa sukari. Mzabibu mmoja, misimu miwili, matunda ya sura ile ile, na mzigo uliofika kwenye figo unaweza kuwa tofauti kabisa. Ongeza umri wa mbwa, maji aliyokunywa siku hiyo, hali ya figo zake ambayo hakuna aliyeipima. Kunusurika mara moja hakumwambii mtu lolote kuhusu mara ijayo. Nilimweleza rafiki yangu haya yote baadaye sana, alipokuwa tayari kuyasikia. Alisikiliza, akauliza kama angezimenya zabibu angalau maganda ingesaidia. Hapana, asidi imo kwenye nyama na maji ya tunda. Ule mzabibu bado upo, ila chini yake ameweka wavu, na mbwa aliyempata baadaye haendi upande ule wa ua.

Tangu nijue habari ya asidi, mimi naangalia jikoni kwa jicho jingine. Zabibu kavu zimejificha kwenye keki, mikate mitamu, biskuti, nafaka za kifungua kinywa zilizochanganywa na matunda makavu. Moto wa jiko hauondoi hatari. Zilizopakwa chokoleti ni sumu mbili kwa mpigo. Makapi yanayobaki baada ya kukamua zabibu ni mabaya, na mbwa huyapenda. Kopo la krimu ya tartari lilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa nyumbani kwangu, pembeni ya chakula cha mbwa, na hakuna aliyewahi kunionya kulihusu. Limehamia juu. Paka wachache wameripotiwa kuugua pia, ingawa paka hana tabia ya mbwa ya kumeza kwanza na kufikiri baadaye.

Kwa wageni sina tena aibu. Mlangoni kuna ndoano, mkoba unaning'inizwa. Watoto wanajua kwamba wakimwona mtu anamtupia Chui kitu chochote wanauliza kwanza, na wameshamkatalia babu yao mbele ya watu. Kumfundisha mbwa neno "acha" kunasaidia kwa kinachoanguka mbele yako. Kwa mkoba ulioachwa sebuleni hakusaidii kitu. Namba ya kliniki inayofungua usiku iko kwenye jokofu, na chini yake nimeandika uzito wa Chui, kwa sababu nimegundua watu wengi hawajui mbwa wao ana kilo ngapi, na ndilo swali la kwanza wanaloulizwa.

Wifi naye sasa ana mbwa, kitoto cha kilo nne. Jioni moja alinipigia. Wamemkuta chini ya meza analamba bakuli la ukwaju uliokuwa umeloweshwa, ameshameza na nyama ya tunda, kiasi gani hawajui. Nikaanza kumweleza kwamba ukwaju nao una ile asidi, akanikatiza.

"Hilo najua, wifi, ulishaniambia. Niko kwenye gari tayari. Nisomee ile namba ya usiku."

Walimtapisha, wakampima damu, wakambakiza kwenye dripu. Vipimo vilirudi safi, na bili ilimuuma kweli kweli.